Sauti Mbili Kwenye Mistari Mitano: Utangulizi

Anayetoka kwenye solfa huja kwenye nota za mistari akiwa na mazoea fulani. Karatasi ya solfa humpa kila mwimbaji safu yake: soprano juu, chini yake alto, kisha tena, besi mwisho. Kwenye stafu, yaani ile mistari mitano, mambo hubana. Nyimbo nyingi za kwaya huandikwa kwa stafu mbili tu, soprano na alto ya juu, tena na besi ya chini, na kijiti cha nota ndicho kinachotuambia nani ni nani. Vya soprano vinaelekea juu, vya alto chini.

Kanuni hiyo ilikuwapo kabla ya kompyuta. Sauti ikiwa peke yake, mwelekeo hutegemea mahali nota ilipo: iliyo chini ya mstari wa kati hupandisha kijiti, iliyo juu yake hukishusha. Sauti ya pili ikiingia, mahali hapahesabiki tena. Hata alto akipanda kumpita soprano kwa mapigo mawili, kijiti chake kinabaki kimeelekea chini, na ndipo tunapojua kwamba wamepishana.

Programu za kuandikia muziki zimeibeba kanuni hii, kila moja kwa namna yake. MuseScore na Sibelius hutoa sauti nne kwa kila stafu. Katika MuseScore ya kwanza ni ya bluu, ya pili kijani, ya tatu machungwa, ya nne zambarau. Ya kwanza na ya tatu hupandisha vijiti, ya pili na ya nne hushusha. Finale, iliyotoka mwaka 1988 na kusitishwa na watengenezaji wake mwaka 2024, ilitumia tabaka nne. Nne zinatosha kwa kazi nyingi. Hata fuga za Bach zenye sauti tano, katika kitabu chake cha mwaka 1722, hugawanywa kwa mikono miwili na stafu mbili.

Sasa tufike penye kiini. Nota mbili zinazoanza na kuisha pamoja zinaweza kubebwa na kijiti kimoja. Lakini soprano akiimba nota mbili za pigo moja moja huku alto ameshikilia moja ya mapigo mawili, kijiti kimoja hakiwezi kubeba urefu wa aina mbili. Hapo sauti ya pili ni lazima.

Kosa ninaloliona sana ni lile la pale alto anapoimba peke yake. Mwandishi anaziweka nota kwenye sauti ya 1, kisha anabonyeza X kugeuza vijiti chini. Ukitazama karatasi utasema ni alto. Kwa programu bado ni sauti ya 1, na siku ukitaka kumtolea soprano karatasi yake, nota za alto zitamfuata huko. Chagua sauti kwanza (Ctrl+Alt+2 kwenye MuseScore), kijiti kitafuata chenyewe. X ibaki ya dharura.

Angalizo kwa wanakwaya: tena mmezoea kumwita sauti ya tatu, lakini programu huhesabu upya kila stafu. Tena ni sauti ya 1 ya stafu ya chini, besi ni ya 2. Ukimweka tena kwenye ya 3, vijiti vitapanda vizuri tu, na ndiyo maana kosa hilo huchelewa kuonekana.

Sauti zikikutana kwenye nota moja ya urefu uleule, kichwa kimoja hupewa vijiti viwili, kimoja juu kimoja chini. Moja ikiwa ya pigo moja na nyingine ya mapigo manne, vichwa hukaa ubavu kwa ubavu. Zikiwa jirani, kwa mfano do na re, ya kijiti cha juu hutangulia kushoto. Haya programu huyafanya bila kuombwa, ilimradi sauti zimepangwa sawasawa.

Kinachobaki mikononi mwako ni alama za kimya. Sauti ya 2 ikiingia katikati ya mapigo, programu hujaza kimya kabla yake, na ukurasa huanza kuchafuka. MuseScore hukuruhusu kuzifuta kimya za sauti ya 2. Za sauti ya 1 zinafichwa tu, hazifutiki.