Miles Morales na ami yake: filamu inapofaulu na inapokwama

Likizo iliyopita watoto wa dada yangu walikuja kukaa kwetu wiki nzima, na kwa siku tatu mfululizo sebule ilikuwa yao. Filamu ilikuwa ileile moja, Spider-Man: Into the Spider-Verse. Siku ya kwanza nilipita tu nikielekea jikoni. Siku ya pili nilikaa. Siku ya tatu mdogo wao, wa miaka tisa, akaniuliza, "Mjomba, yule ami yake Miles ni mtu mbaya?" Nikakosa jibu la haraka.

Filamu yenyewe si mpya. Ilitoka Desemba 2018, ina urefu unaokaribia saa mbili, na Februari 2019 ilichukua tuzo ya Oscar ya filamu bora ya vibonzo. Waliiongoza watu watatu, Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman, na Ramsey akawa mkurugenzi mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Huku Pwani wengi waliiona baadaye, kwa simu au kwa flashi inayozunguka mtaa mzima, na watoto wanaendelea kuiona. Ndiyo maana naona inafaa wazazi waijue vizuri, uzuri wake na kasoro zake.

Miles Morales ni kijana wa Brooklyn, New York. Babake, Jefferson, ni Mmarekani mweusi na ni polisi. Mamake, Rio, ni muuguzi mwenye asili ya Puerto Rico. Kijana ana akili, amepata nafasi katika shule ya bweni ya watoto wenye vipaji, na hataki kwenda. Anawamisi wenzake wa mtaani. Akiwa na mamake anachanganya Kihispania na Kiingereza, na filamu haitafsiri maneno hayo. Asiyejua Kihispania atajijua mwenyewe. Nililipenda sana hilo. Mtoto wa Kisauni au Likoni anayezungumza Kiswahili cha nyumbani asubuhi, kisha akifika shuleni akatakiwa awe mtu mwingine, hahitaji kufafanuliwa hali ile.

Kuna mtihani mmoja mle, wa maswali ya kweli au si kweli, na Miles anapata sufuri. Mwalimu hadanganyiki. Asiyejua kitu, akibahatisha tu, angepata kama nusu. Aliyekosa yote ni aliyeyajua majibu yote. Kijana alitaka afukuzwe arudi nyumbani. Hapo hajaumwa na buibui wala hajavaa kinyago, na tayari tumeshamjua.

Anapobanwa hukimbilia kwa Aaron, ndugu wa babake. Kwa Kiingereza wanamwita "uncle", neno moja kwa wote, lakini kwetu sisi huyo ni ami, na ami si mjomba. Ami ni damu ya baba. Baba na nduguye wametengana, na sababu hatuambiwi wazi, ila tunaona Jefferson hapendi mwanawe aende kule. Kijana anatoroka usiku, anapelekwa na ami yake kwenye njia za treni chini ya ardhi, wanachora ukutani kwa rangi ya kupuliza. Aaron anamsikiliza na kumcheka kidogo, na hamhubirii. Huko ndiko buibui anakomuuma Miles.

Sasa niseme juu ya picha, maana sifa kubwa ya filamu hii iko hapo na si kila mtu anajua inavyofanyika. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Katika vibonzo vya kompyuta, mara nyingi kila picha moja huwa na mwendo wake mpya, ndiyo maana kila kitu huteleza kama mafuta. Hapa watengenezaji walifanya tofauti. Mara nyingi mhusika hushikiliwa katika umbo moja kwa picha mbili, kwa hivyo miendo inakuwa 12 kwa sekunde, na jicho linaona ukakasi fulani bila kujua sababu. Utamu ni jinsi walivyoutumia. Katika mbio za msituni, Miles akijifunza kuruka na Peter B. Parker, yule Spider-Man mtu mzima mwenye kitambi aliyetoka ulimwengu mwingine, mzee anateleza kwa 24 na kijana anakwaruzika kwa 12. Hakuna anayesema kwamba Miles bado hajaiva. Unaliona mwilini mwake.

Kisha kuna rangi. Ukiwa na kanga iliyochapwa vibaya utaona nyekundu imeruka mstari mweusi kidogo, kama kivuli kilichosogea. Vitabu vya vibonzo vya zamani vilikuwa hivyohivyo, pamoja na vile vidoto vya wino ukivitazama kwa karibu. Watengenezaji waliyaiga makosa hayo makusudi. Kitu kilicho mbali, badala ya kufifia kama kwenye kamera, rangi zake zinaachana. Ukiisimamisha picha wakati wowote unapata ukurasa wa kitabu.

Lakini uzuri huo una gharama yake. Sebuleni kwetu shangazi yao alidhani televisheni imeharibika. Mimi mwenyewe, kufikia ule mtambo wa mwishoni unaovuruga ulimwengu, macho yalikuwa yameshachoka. Rangi zinapasuka, taa zinawaka na kuzima, majengo yanapinduka, na kwa dakika kadhaa hujui nani anampiga nani. Mtoto mwenye kifafa, au anayesumbuliwa na mwanga wa kumetameta, mzazi aitazame kwanza peke yake.

Kasoro nyingine ni msongamano. Mtambo huo wa adui, Kingpin, unawavuta Spider-Man wa kila aina kutoka kwao: Gwen, Peter B., msichana wa Kijapani na roboti lake, mpelelezi wa rangi nyeusi na nyeupe, na nguruwe. Ndiyo, nguruwe. Watoto walicheka sana, nami nilicheka, sitakataa. Hata hivyo wale watatu wa mwisho ni wa kupita tu. Kila mmoja anapewa utambulisho wa haraka, utani wake mmoja au miwili, kisha ni vita. Wakati huohuo Rio, mama mzazi wa Miles, ana maneno machache kuliko hao wageni. Na Kingpin naye, aliyempoteza mke na mtoto na anataka kuwapata tena hata mji ukiangamia, kilio chake ni cha kweli lakini kinapewa nafasi finyu mno. Anabaki kuwa mlima wa suti nyeusi.

Turudi kwa ami. Kabla sijaendelea, asiyetaka kujua na aruke aya mbili zinazofuata.

Miles anagundua kwamba Prowler, muuaji anayemtumikia Kingpin, ndiye Aaron. Muziki wake una mlio kama wa mnyama, na watoto walijifunika shuka. Aaron anamkamata kijana, anakaribia kummaliza, Miles anavua kinyago. Basi. Aaron hawezi. Anamwachilia, na Kingpin anampiga risasi palepale. Anakata roho mikononi mwa mtoto wa nduguye, na Jefferson anapofika anamwona Spider-Man kando ya maiti, anaamini huyo ndiye muuaji. Baadaye baba anakwenda bwenini, anaongea na mwanawe kupitia mlango uliofungwa. Miles yuko ndani amefungwa kwenye kiti na utando umemziba mdomo. Anasikia kila neno, hawezi kujibu. Baba anadhani kijana hataki kuzungumza naye. Sijui mzazi gani hajawahi kusimama nje ya mlango kama ule.

Hapo ndipo filamu ilipofika juu kabisa, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, inapokimbia. Muda si mrefu kijana anaruka kutoka ghorofani, kamera imepinduliwa chini juu, kwa hivyo anaposhuka ni kama anapaa kuelekea mjini, na kioo alichokuwa ameking'ang'ania kinavunjika kwa sababu vidole bado vina hofu. Ni tukio zuri kuliko yote. Lakini Aaron amegeuka kuwa ngazi ya kulifikia. Mpaka mwisho hatujui aliingiaje katika kazi ile, alianza lini, nduguye alijua kiasi gani. Miles hamwambii babake kwamba yeye ndiye aliyekuwapo ami akifa. Katika hadithi za Spider-Man lazima mtu wa karibu afe ndipo shujaa azaliwe, na filamu hii, iliyovunja kanuni nyingi za picha, hiyo haikuigusa.

Nalalamika kwa sababu huku kwetu Aaron tunao. Ni yule jamaa anayenunulia watoto viatu vya Idi, anayewasikiliza kuliko baba zao, na usiku hakuna anayeuliza yuko wapi. Siku akiletwa maiti, watu wanagawanyika: wengine wanasema alikuwa mhalifu, wengine wanasema alikuwa mtu mwema, na mtoto aliyempenda hakuna anayekaa naye chini. Filamu iliufungua mlango huo, ikaona buibui wengine wanasubiri, ikaondoka.

Yule mpwa wangu nilimjibu kwamba Aaron alifanya mabaya mengi, na kwamba alimpenda Miles, na yote mawili ni kweli. Hakuridhika. Akauliza kwa nini basi baba yake Miles asingemfuata nduguye mapema. Swali hilo filamu ya kwanza hailijibu. Ya pili, Across the Spider-Verse ya mwaka 2023, yenye dakika 140, inamkutanisha Miles na Aaron mwingine katika ulimwengu ambako aliyekufa ni Jefferson, halafu hadithi inakatika katikati kabisa. Watoto walipiga kelele. Nami nilipiga nao.