Mtoto wa miezi sita ni nani? Njiti, mashine na mjadala wa kutoa mimba

Miongoni mwa maswali yanayofika katika kamati za misikiti hapa Mwandiga na vijiji jirani, lipo moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini. Mtoto amezaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa na miezi sita au pungufu kidogo. Amevuta pumzi, pengine amelia mara moja, kisha amefariki. Familia inauliza: je, huyu ni wa kuoshwa, kuvishwa sanda na kusaliwa, au ni mimba iliyoharibika tu, izikwe kimya kimya nyuma ya nyumba?

Kwa nje swali hilo ni la mazishi, lakini ndani yake limo jambo kubwa zaidi: uhai wa mwanadamu unaanza kuheshimiwa lini? Ndilo swali linalogombaniwa katika mabunge na mahakama za dunia kila utoaji wa mimba unapotajwa. Na katika miaka ya karibuni mjadala huo umepata shahidi mpya, naye ni njiti, mtoto anayezaliwa mapema kupita kiasi na bado akaishi.

Mpaka unaohama

Tarehe 7 Agosti 1963, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa zaidi ya wiki tano kabla ya wakati, akiwa na uzito wa kilo mbili na ushei. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Siku mbili baadaye alifariki, na mali na madaktari wote wa taifa lile hawakuweza kumwokoa. Leo mtoto wa umri na uzito kama huo kwa kawaida huishi, hata katika nchi zisizo na mali ya Marekani. Mwaka 1980 madaktari wa Japani, wakiongozwa na Tetsuro Fujiwara, walieleza jinsi walivyotia ndani ya mapafu ya njiti ute unaoyazuia yasishikane. Zikaenea pia sindano anazochomwa mama ili kukomaza mapafu ya mtoto angali tumboni. Mwezi Julai 2020, katika jimbo la Alabama, alizaliwa mtoto wa wiki 21 na siku moja, mwenye uzito wa gramu 420, naye akaishi.

Sheria za nchi nyingi zimekuwa zikiufuata mpaka huo unavyohama. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1929, iliichukulia mimba ya wiki 28 kuwa ushahidi kwamba mtoto anaweza kuzaliwa hai. Mwaka 1990 ikashusha kikomo cha jumla cha kutoa mimba hadi wiki 24. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1973 ilijenga hukumu yake juu ya uwezo wa mtoto kuishi nje ya tumbo, na hukumu hiyo ikadumu hadi ilipofutwa Juni 2022. Hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu inakataza utoaji wa mimba katika vifungu vya 150 hadi 152 bila kutazama umri wake. Aidha, kifungu cha 219, kinachohusu kumuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai, kinazitaja wiki zile zile 28 tulizozirithi kwa Waingereza.

Kutokana na hayo hutolewa hoja nyepesi kueleweka: ikiwa mtoto wa wiki 22 anaweza kuishi, vipi iruhusiwe kuitoa mimba ya wiki 23? Hoja hiyo ina nguvu, na Waislamu wengi huifurahia wakiisikia. Hata hivyo, inafaa tuichunguze kabla ya kuikumbatia.

Udhaifu wa kipimo hicho

Tuchukue watoto wawili wa wiki 26, wenye uzito mmoja. Mmoja anazaliwa katika hospitali kubwa ya London. Mwingine anazaliwa ndani ya boti, mama yake akiwa njiani kutoka Kagunga au Mwamgongo kuelekea Kibirizi ili afikishwe Hospitali ya Maweni. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika nchi maskini zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hufariki katika siku za mwanzo, ilhali katika nchi tajiri wanaofariki hawafiki asilimia 10.

Basi tukisema kwamba mtoto hupata heshima ya ubinadamu anapoweza kuishi nje ya tumbo, tutakuwa tumesema kwamba yule wa London ni mtu na huyu wa ziwani si mtu bado. Tofauti yao haimo katika viungo vyao wala katika roho zao. Imo katika umeme, mashine, barabara na idadi ya wauguzi. Kipimo hicho kinapima utajiri wa mahali alipozaliwa mtoto. Mtoto wa mwaka 1963 na wa leo ni wamoja katika maumbile. Kilichobadilika ni mikono inayowapokea.

Mizani ya Sharia

Maulamaa wetu hawakuufunga utukufu wa mtoto kwa uwezo wake wa kuishi nje. Wameangalia nyakati mbili, na ni vyema tusizichanganye.

Wakati wa kwanza ni siku 120. Katika hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza hatua za umbile tumboni, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Kwa ufahamu wa wengi wa maulamaa, hiyo ni miezi minne tangu mimba kutungwa. Kwa kuwa madaktari huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwao huwa takriban wiki ya 19. Baada ya hapo, wanazuoni wamekubaliana kuwa kuitoa mimba ni haramu, isipokuwa kwa dharura ya uhai wa mama. Kabla ya hapo zimo khitilafu. Wapo waliotoa ruhusa kwa udhuru, na wapo waliokataza tangu mwanzo, kama Imamu Ghazali, aliyeona kuwa ubaya wake hukua kadiri mimba inavyokua.

Wakati wa pili ni miezi sita. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Ahqaf aya ya 15, inataja kuwa kubeba mimba na kunyonyesha ni miezi thelathini. Na katika Suratul Baqara aya ya 233, kunyonyesha kuliko kamili ni miaka miwili. Kwa kuziunganisha aya hizo, Masahaba walifahamu kuwa mimba inaweza kuzaa mtoto hai kwa miezi sita. Fahamu hiyo ilimlinda mwanamke aliyekuwa ametuhumiwa kwa kujifungua mapema. Lakini tuangalie kazi ya hesabu hiyo: iliwekwa kuthibitisha nasaba ya mtoto na kuhifadhi heshima ya mama. Hakuna aliyesema kuwa mtoto wa chini ya miezi sita hana haki ya kuhifadhiwa.

Kwa hiyo hata yule mtoto wa Alabama, wa wiki 21, alikuwa amekwisha kuupita mpaka wa siku 120. Hatusemi kuwa mashine zimekuja kuthibitisha hadithi. Dini yetu haingoji cheti cha maabara. Tunachosema ni kwamba uhai wa njiti haubadili hukumu kwetu, kwa sababu hukumu haikujengwa juu ya mashine tangu awali.

Na hapa familia iliyouliza inapata jibu lake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, mtoto aliyeonyesha dalili ya uhai, kama kulia au kutikisika, huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na huzikwa kama mtu mzima, na huingia katika hesabu ya mirathi. Asiyeonyesha dalili lakini ametimiza miezi minne huoshwa, huvishwa sanda na huzikwa bila kusaliwa; Mahanbali humsalia pia. Hakuna mtoto wa kufukiwa kwa aibu.

Uhai wa mama ukiwa hatarini

Lipo eneo moja ambamo elimu ya njiti imebadilisha jambo la kweli. Zamani, mama aliyepata kifafa cha mimba au kutoka damu nyingi katika mwezi wa sita au wa saba aliwaweka mafakihi na wakunga mbele ya chaguo zito: aokolewe nani? Kanuni ya kuchagua dhara iliyo nyepesi ilimtanguliza mama, kwa kuwa yeye ni shina na mtoto ni tawi. Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1990 lilisisitiza vilevile: baada ya siku 120 mimba haitolewi hata kwa ulemavu wa mtoto, ila madaktari waaminifu wakithibitisha kuwa kuendelea nayo ni hatari ya hakika kwa uhai wa mama. Sheria ya nchi nayo, katika kifungu cha 230, inamlinda mganga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wake.

Leo, mara nyingi, kuikatisha mimba ya wiki 30 kwa sababu hiyo ni kumzalisha mtoto mapema na kuwapigania wote wawili. Mume au mama mkwe anayekataa upasuaji kwa kudhani kuwa anazuia "kutoa mimba" huenda akawapoteza wote. Daktari anaposema mtoto atolewe sasa, tumuulize na tumwelewe upesi.

Mtihani wetu

Tukishasema kuwa mtoto huyu ni mtu, tumejifunga. Haifai mimbari ipaze sauti dhidi ya kutoa mimba, kisha njiti akizaliwa tuseme "huyu hatapona" na kumweka pembeni.

Na tiba iliyo karibu nasi kuliko zote haihitaji umeme. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa daktari Edgar Rey Sanabria aliyekosa mashine za kutosha. Mtoto huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa nguo. Hapa kwetu kitenge kinatosha. Huitwa huduma ya kangaruu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Baba, bibi na shangazi nao wanaweza kumpokea mama kifua kinapochoka. Mtoto asiogeshwe kwa haraka. Apewe maziwa ya mama, hata kwa kukamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe. Na afikishwe hospitali akiwa kifuani.

Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi yanayomwongezea likizo mama wa njiti hadi zitimie wiki 40 za mimba. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini akina mama wengi wa Mwandiga wanalima au wanauza dagaa. Mwajiri wao ni familia. Likizo yao tutaitoa sisi, kwa kuwachotea maji, kuwapikia na kuwaachia muda wa kukaa na mtoto kifuani.

Tusimsahau pia binti aliyekwisha kutoa mimba. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kuwa mimba 405,000 zilitolewa Tanzania katika mwaka huo, na wanawake zaidi ya 66,000 walitibiwa kwa madhara yake. Anayetokwa na damu apelekwe hospitali kwanza. Nasaha na toba vina wakati wake, na maiti hanasihiwi.

Tunapendekeza kila msikiti wa eneo letu utenge sehemu ya sadaka kwa ajili ya usafiri wa mjamzito usiku, bajaji hadi Maweni au boti kwa walio mwambao, na uorodheshe vijana walio tayari kutoa damu. Akina mama wa madrasa wafundishwe kumbeba njiti, ili bibi wa jirani ajue la kufanya kabla gari halijafika.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na vizazi vyetu, na atujaalie tuwe wa kuutunza uhai kwa mikono kama tunavyoutetea kwa ndimi. Amin.