Kabla ya kuunga resho kwa batri

Wandugu, hapa kwetu Kasongo na Kabambare, kwa wengi umeme wa nyumba ni plaki ya jua, batri na konvertisere. Mtu analeta resho ya wati 1000, anaiunga tu. Ngoja kwanza: gawanya wati kwa volti. Upande wa volti 220 inapita ampea 4.5 hivi. Upande wa batri ya volti 12, zaidi ya 83! Pale ndipo waya nyembamba inayeyuka na nyumba kushika moto. Weka waya fupi, nene, milimita za mraba 25 angalau, na fizibu karibu kabisa na batri.

Halafu, batri ya ampea-saa 100 ukitumia nusu yake, haifikishi dakika 36. Mchele utaiva. Maharagi? Yangu yanabaki kwa makala.