Uvishe Udongo, Ukishinde Kiduha

 

Leo tukitazame kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau. Unalijua sana. Mahindi yanaota vizuri, halafu yanadumaa na kugeuka manjano hata kabla gugu lenyewe halijaonekana. Kumbe huko chini limekwisha jishika kwenye mizizi ya mahindi, linanyonya. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini miaka mingi. Ndiyo maana jembe peke yake halitoshi.

Njia moja nzuri ni kuuvisha udongo. Panda desmodiamu, jani la jamii ya kunde linalotambaa chini na kuishi miaka mingi. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE, kule Mbita, Kenya, wameonyesha kazi yake. Mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisijishike kwenye mahindi, zikafa njaa. Harufu yake pia hufukuza vipepeo wanaozaa viwavi wa kutoboa mabua. Tena hurutubisha udongo, na mifugo huipenda.

Sasa, hupandwaje? Lainisha udongo vizuri, maana mbegu ni ndogo sana. Panda mahindi kwa mistari ya sentimita 75. Katikati ya mistari chora kifereji cha kina cha sentimita 1. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza, funika kidogo tu. Je, maharage? Yaweke kwenye mstari wa mahindi.

Hapa sasa ndipo wengi hushindwa. Desmodiamu huanza polepole. Wiki ya tatu utaona vijani vichache, useme, "Bwana shamba kanidanganya," uipige jembe. Usifanye hivyo! Ijue sura yake: majani matatu matatu, kama maharage. Palilia kwa mkono, rudia wiki ya sita. Mbuzi wasiingie.

Msimu wa pili usilime shamba zima. Ikate, walishe ng'ombe, chimba mistari ya mahindi tu.

Kiduha hakitakwisha kwa msimu mmoja, ndugu yangu. Anza na kipande kidogo, pale kilipozidi, ujionee mwenyewe.

Kazi njema.