Wanafunzi washauri wakija Kiwayu, swali liwe la kijiji

Lalamiko moja husikika mara kwa mara katika visiwa vya Lamu: wageni huja na madaftari, huuliza, hupiga picha, hupanda boti na kuondoka. Ripoti haionekani tena. Kwa kuwa vyuo vikuu vingi vya ng'ambo hutuma wanafunzi Afrika Mashariki, ni vyema wakaazi wa Kiwayu na Chandani wajue timu hizi ni za nani, zinaweza nini, na mwenyeji ana haki gani.

Wengi wao ni wanafunzi wa shahada ya uzamili, yaani wamekwisha kupata shahada ya kwanza. Chuo huwaweka pamoja wachache, huwapa tatizo halisi la serikali, shirika au kikundi cha wananchi, nao hulitafutia ushauri chini ya mhadhiri. Shule ya biashara ya Haas katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianza mpango wa namna hii mwaka 1992. Chuo cha MIT kilianzisha wake, G-Lab, mwaka 2000. Columbia na New York University pia wana mipango yao. Anayepokea ushauri huitwa mteja. Baadhi ya vyuo hulipia safari, vingine humtaka mteja achangie, kwa hivyo suala la pesa liandikwe mapema, mtu asije akaletewa hesabu ya nauli na malazi asiyoitarajia.

Timu nzuri huweza kupiga hesabu za gharama, kulinganisha bei za masoko na kupanga uwekaji wa vitabu vya kikundi. Haiwezi kuchimba jabia wala kujenga gati, na haiji na fedha za mradi. Ripoti si bajeti. Watu wakidhani vingine, lawama huanza siku timu inapoondoka.

Kazi yote husimama juu ya swali. Tuseme BMU inataka msaada kuhusu kamba mawe. Ikiandika tu "tuendeleze uvuvi", italetewa ripoti ambayo ingeweza kuandikwa bila mtu kufika Kiwayu. Lakini ikiuliza kamba hupoteza thamani wapi kati ya wavu na mnunuzi wa Mombasa, na sanduku la barafu la pamoja litarudisha gharama yake baada ya misimu mingapi, timu itakuwa na kitu cha kupima. Swali hilo na mipaka yake huandikwa katika hadidu za rejea. Liamuliwe katika mkutano wa wanachama, wakiwemo wanawake wanaouza samaki. Asiliandike mtu mmoja mwenye barua pepe.

Jambo ambalo vyuo husahau ni msimu. Kalenda ya chuo haifuati pepo. Wanafunzi wa Haas husafiri kwa wiki tatu mwezi wa Mei, wakati masika yanaponyesha, kusi imeshika na bahari ya nje imechafuka. Wale wa G-Lab wamezoea kusafiri Januari, kaskazi inapovuma na wavuvi wanaingia baharini. Timu mbili zikihesabu mapato ya mvuvi yuleyule wa Kiwayu katika miezi hiyo miwili zitaleta majibu mawili yasiyofanana, na kila moja itaamini yake. Dawa ni rahisi: kijiji kionyeshe daftari la mauzo la mwaka mzima, au kitaje wazi katika hadidu za rejea kwamba miezi ya kusi na ya kaskazi ihesabiwe kando. Ramadhani nayo itajwe, maana saa za kazi na za mikutano hubadilika.

Kiwayu ina mfano wake wa wazo lililosafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari aliyekuwa akifanya kazi katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, aliona watoto wakitengeneza vifaa vya kuchezea kwa ndara zilizotupwa ufuoni na mawimbi. Akina mama walitiwa moyo kuziokota, kuziosha na kuzichonga. Kutokana na hayo ilizaliwa biashara inayojulikana leo kama Ocean Sole, na karakana yake iko Nairobi. Ni sifa kwa kisiwa, na pia ni funzo la hesabu: kikundi kinachotoa wazo lake kiulize mapema kazi itafanyiwa wapi na jina la nani litaandikwa.

Sheria inamlinda mwenyeji. Mgeni anayefanya utafiti nchini anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na lazima ashirikiane na taasisi ya humu nchini. Leseni ina alama ya mraba inayosomwa kwa kamera ya simu ili kuthibitisha kuwa ni halali. Mwenye leseni anapaswa kuwaarifu Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na afisi ya Gavana kabla ya kuanza, na kuwasilisha ripoti kwa tume katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mtu anaweza kukataa kuhojiwa, au kuondoa ridhaa aliyokwisha kuitoa. Taarifa za mtoto, ikiwemo picha yake, zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Ripoti ya NACOSTI hukaa Nairobi. Kwa hivyo hadidu za rejea ziseme pia kwamba matokeo yatasomwa kwa Kiswahili mbele ya baraza, timu ikiwa bado kisiwani, ili mvuvi apate nafasi ya kusema "hapa mmekosea" kabla ya maneno kupigwa chapa. Nakala moja ibaki kwa BMU, nyingine shuleni.

Kabla ya kutia sahihi, kikundi kinaweza kumpelekea msimamizi wa wadi rasimu hiyo aisome.