Junju: Kwa nini watafiti wa malaria hurudi kila wiki

Wakaazi wa Junju, katika Kaunti Ndogo ya Kilifi Kusini, wamezoea kumwona mhudumu wa utafiti akipiga hodi na kipimajoto mkononi. Baadhi ya watoto waliopimwa mwaka wa 2005 sasa ni watu wazima. Swali la wazazi wao, hata hivyo, bado ni halali: damu ile ilitufaa nini?

Kazi yenyewe si ya siri. Katika utafiti huu wa Kemri na washirika wake wa Wellcome Trust, mtoto hutembelewa kila wiki. Akiwa na joto la 37.5 au zaidi, hutobolewa kidole na tone la damu hutazamwa kwa hadubini. Akikutwa na malaria, hutibiwa. Sababu ya kwenda nyumbani badala ya kungoja zahanati ni kwamba homa nyingi za watoto huishia kwa dawa ya dukani, na daftari la zahanati halizioni. Bila hesabu ya nyumbani, chanjo dhaifu inaweza kusifiwa bure.

Ndivyo ilivyojulikana mapema kwamba chanjo ya kwanza kujaribiwa Junju haifai. Mwaka wa 2005 watoto 405 wa umri wa mwaka mmoja hadi sita waliingizwa katika utafiti. Baadhi walipata chanjo ya majaribio na wengine wakapata ya kichaa cha mbwa, ili nao wasitoke mikono mitupu. Ile ya malaria haikuwakinga.

Mwaka wa 2007 ikaja chanjo iitwayo RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto 894 wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania. Safari hii habari ilikuwa njema: kwa takriban miezi minane, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 53. Wengi wangefunga virago hapo. Kilifi, watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto kwa miaka saba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba watoto 223 waliochanjwa waliugua malaria mara 1,002. Wenzao 224 ambao hawakupata chanjo hiyo waliugua mara 992. Yaani kinga ya mwanzo ilikuwa imeyeyuka. Tena, kwa watoto wanaoumwa na mbu wengi, mwaka wa tano waliochanjwa waliugua zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mtoto aliyekingwa mapema hukawia kujenga kinga yake ya mwili, na deni hilo hulipwa baadaye.

Watoto hao walikuwa wamepata dozi tatu tu. Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha RTS,S mwaka wa 2021, liliagiza dozi nne. Kenya ilikuwa imeanza kuitoa Septemba 2019 katika kaunti za magharibi. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa mwaka wa 2023, nayo ilijaribiwa Kilifi miongoni mwa maeneo mengine ya Afrika.

Kwa hiyo mzazi asitundue neti kwa sababu mtoto amechanjwa. Nguvu ya neti zilizotiwa dawa ilithibitishwa hapa hapa Kilifi katika miaka ya 1990, pale vifo vya watoto wadogo vilipopungua kwa takriban theluthi moja. Na Junju haina nafasi ya kulegea: malaria ilipopungua sana Ngerenya, kaskazini mwa mji wa Kilifi, huku iliendelea kuwapata watoto.

Wanaosema hii ni kazi ya mumiani wamekuwapo tangu zamani, na kunyamaza hakujawahi kuwaondolea wasiwasi. Mzazi anayeombwa kumwingiza mtoto katika utafiti ana haki ya kusomewa fomu ya idhini kwa lugha anayoielewa, iwe Kigiriama, Kichonyi au Kiswahili. Anaweza kuuliza damu itachukuliwa kiasi gani na itahifadhiwa wapi. Anaweza kukataa, au kujitoa siku yoyote, na mtoto wake ataendelea kutibiwa katika zahanati kama kawaida.