Kano Iliyokatika na Ahadi ya Seli Shina

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kano, yaani ule ugwe mweupe unaofunga msuli kwenye mfupa. Aliyewahi kutafuna kongoro anaujua ugumu wake. Kubwa kuliko zote mwilini ni kano ya kisigino. Ndiyo iliyomkatikia mchezaji wa Uingereza, David Beckham, Machi 2010, akaikosa Kombe la Dunia ya Afrika Kusini mwaka huo.

Kwa nini jeraha hili huchukua miezi mingi? Mfupa uliovunjika huunga kwa mfupa mpya. Kano haina bahati hiyo. Damu inayoifikia ni kidogo na seli zake ni chache, hivyo mwili huziba pengo kwa kovu. Nyuzi za kano nzima, ambazo ni za protini iitwayo kolajeni, zimepangika kama kamba iliyosokotwa vizuri. Za kovu zimelala shaghalabaghala. Ndiyo maana kano iliyopona huweza kuumia tena.

Hapo ndipo wataalamu walipozigeukia seli shina, seli changa za uboho zinazoweza kugeuka seli za aina mbalimbali. Miongoni mwa waliotangulia kutibiwa ni farasi wa mbio. Mwaka 2003, Roger Smith na wenzake wa Royal Veterinary College, Uingereza, walieleza jinsi walivyochota uboho katika kidari cha farasi, wakazizalisha seli maabara, kisha wakazidunga ndani ya kano ya farasi huyo huyo. Mwaka 2012 yakatolewa matokeo ya farasi 113 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili: walioumia tena walikuwa asilimia 27.4, pungufu ya ilivyozoeleka. Hata hivyo, nasema tusishangilie mapema. Walilinganishwa na taarifa za farasi wa zamani, si na kundi lililoachwa bila seli wakati ule ule.

Njia ya pili ni kuunda tishu. Seli hupandwa katika kiunzi cha kolajeni, kikashonwa palipokatika. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa sungura, na kano ikatoka imara kuliko iliyoshonwa tu. Lakini majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kwa baadhi ya sungura, mfupa uliota ndani ya kano! Seli changa ni kama mtoto: huenda anakoelekezwa, na mwelekezaji mwenyewe bado hajaijua njia yote.

Nayasema haya kwa sababu zipo kliniki katika nchi nyingi zinazouza sindano hizi kwa bei kubwa, na mwenye maumivu yu tayari kuuza hata shamba. Huko Marekani, mamlaka ya dawa, FDA, haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa kano. Tiba iliyozoeleka ipo: kushonwa au kufungwa, kisha mazoezi yanayoongezwa polepole, kwani kano hupata nguvu kwa kuvutwa kwa kadiri.

Basi kabla hujatoa fedha yako, muulize anayekuuzia: sindano hii imelinganishwa na nini? Akibabaika, rudi nyumbani na fedha yako.

Kwaherini, hadi juma lijalo.